Miungu Wenye Masikio Tu

Lifti ya mizigo ilikwama wakati jengo zima limefurika watu. Chini, kwenye ukumbi wa kuingilia, wanunuzi walikuwa wanasukumana na mifuko yao, watoto wanalia, spika ya duka la viatu inabweka kwamba bei zimeshuka. Hakuna aliyejua kwamba kati ya ghorofa ya tatu na ya nne kuna msichana ameketi gizani juu ya furushi la makoti.

Watu walimwita Dada Zipu. Kibanda chake kilikuwa ghorofa ya nne, mwisho kabisa wa korido, kati ya muuza mapazia na choo cha wateja, na kazi yake ilikuwa moja: kung'oa zipu zilizokufa na kutia zilizo hai. Siku hiyo alikuwa amevaa gauni la bluu iliyokolea alilolishona mwenyewe, na shingoni amening'iniza tepu ya kupimia kama watu wengine wanavyovaa mkufu. Hakupiga kelele. Alikuwa mtu wa kungoja, na alijua kungoja kwa namna nyingi. Hii ya kungoja lifti ilikuwa ndogo.

Mlango wa juu ukafunguka kidogo, mwanga ukaingia kama utepe, na kwenye huo utepe zikatokea buti mbili zenye grisi.

"Kuna mtu humo?" sauti ikauliza.

"Nipo."

"Uko na nani?"

"Niko na makoti."

Sauti ikacheka, kicheko cha chinichini, cha mtu ambaye hajacheka tangu asubuhi. "Yanaogopa?"

"Hayajasema."

"Sawa. Mimi ndiye fundi wa lifti. Breki imeshika, kwa hiyo huanguki, ila na kwenda pia huendi. Naifungua. Wewe ongea na mimi, usitazame giza."

"Niongee nini?"

"Nichagulie mungu."

Dada Zipu alikuwa amesikia wahubiri stendi, sokoni, hata kwenye foleni ya hospitali. Mhubiri wa kwenye shimo la lifti alikuwa hajakutana naye. "Kaka," alisema kwa upole, "mimi nasali kwetu, nimetosheka."

"Si wa kusali huyo. Wa kuchezea." Chuma kiligongana na chuma. "Tuna mchezo wetu Jumapili. Tunakaa mezani, mmoja anasimulia, wengine kila mmoja anakuwa mtu ndani ya hadithi. Mwizi, mganga, askari, unavyopenda. Unatupa dadu, dadu inasema umefaulu au umeanguka shimoni. Sasa hadithi ikiwa na nchi yake, lazima nchi iwe na miungu wake. Ndio tunawabuni. Tunawaumba, tunawagombanisha, chai ikija tunawafunika kitambaa."

"Watu wazima?"

"Wazima kabisa. Mmoja ni mwalimu wa hesabu."

"Basi kweli mna shida."

Kicheko kikaja tena, safari hii kirefu. Akamweleza miungu wake. Wanaishi ndani ya jengo lisilo na paa, kila mmoja na ghorofa yake. Wa chini ni wazee, wameshasahau kazi zao. Wa katikati wanagombea ngazi. Kuna mmoja wa milango, anayejua mlango gani utafunguka, ila hasemi mpaka umwambie kwa nini unataka kutoka.

"Mimi nataka kutoka kwa sababu wenye makoti wanakuja jioni," alisema Dada Zipu.

"Amekubali," ilisema sauti, na lifti ikatikisika, ikapanda.

Mlango ulipofunguka alimwona mzima: kijana mwembamba, ovaroli ya kijivu, paji la uso lina mstari wa grisi kama kamasi ya konokono, macho yamechoka lakini yanacheka. Alichukua furushi kabla hajaombwa. Akalibeba mpaka kibandani. Huko aliliweka chini, akatazama kile kibanda kidogo, cherehani, taa ya mezani, kikombe kimoja kimefunikwa kisahani, akasema, "Kumbe na wewe una jengo lako."

Baada ya siku chache alirudi. Zipu ya ovaroli ilikuwa imekatika katikati ya kifua.

Dada Zipu aliivuta karibu na taa. "Imefanyaje?"

"Imeharibika yenyewe."

"Koleo limeacha meno hapa."

Fundi alitazama dari kwa makini kama anayekagua nyaya. "Inawezekana iligongana na koleo."

"Kaa hapo," alisema Dada Zipu, na akainamisha uso ili asione kwamba anatabasamu.

Hivyo ndivyo yalivyoanza, na baada ya hapo simu ndiyo iliyofanya kazi kubwa. Fundi alikuwa anashinda ndani ya mashimo marefu ya majengo, peke yake na kamba za chuma, na kila alipotoka kupumzika alimpigia.

"Malkia wa makoti, uko wapi?"

"Nitakuwa wapi tena? Wewe uko ghorofa ya ngapi?"

"Niko juu ya kumi na kitu, nimekaa kwenye paa la lifti, nakula andazi."

"Anguka basi tujue moja."

"Nikianguka utanilia?"

"Nitakutia zipu."

Alizoea sauti ile kama mtu anavyozoea redio ya jirani. Ikizimwa ndipo unagundua ulikuwa unasikiliza. Maana kabla ya hapo simu ya Dada Zipu ililia kwa ajili ya wateja tu. Mama yake alikuwa ameugua miaka mingi, na yeye ndiye aliyeachia masomo shule ya msingi ili akae naye, amgeuze, amlishe, amsomee majina ya dawa. Dada yake mkubwa aliolewa mbali na alipiga simu sikukuu, akiwa na haraka, mafuta yanachemka jikoni. Mama alipofariki, nyumba ilijaa watu, kisha ikaisha watu, na Dada Zipu akahamia chumba kimoja chenye dirisha linalotazama ukuta.

Jumapili moja asubuhi Fundi alimpigia akiwa bado kitandani, akasikia sauti yake imekwaruza.

"Umelia?"

"Nimelala vibaya."

"Kipenzi, sema ukweli."

Labda ni kwa sababu alimwita kipenzi kwa mara ya kwanza. Labda ni kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na mtu akiongea chini ya mvua anajiona kama hasikiki. Akamwambia kitu ambacho hakuwahi kumwambia mtu. Kwamba siku za Jumapili, kabla ya kumjua yeye, alikuwa anapiga namba ya huduma kwa wateja ya kampuni ya simu. Hana shida yoyote. Anasikiliza muziki wa kungojea, kisha mtu anapokea na kusema, nikusaidie nini, mpendwa mteja. Na yeye anauliza kama mtandao uko sawa mtaani kwao.

"Na unakuwa uko sawa?" aliuliza Fundi taratibu.

"Ndio huo ninaopigia, utakosaje kuwa sawa? Lakini wanaangalia. Wananiambia subiri kidogo, dada, naangalia. Nasubiri. Kuna mmoja sauti yake nzito, huyo hata akishamaliza ananiuliza kama kuna kingine." Akavuta shuka mpaka kidevuni. "Sijawahi kuwa na kingine."

Fundi alisema, "Jumapili ijayo njoo kwenye mchezo. Tunachagua miungu wa hadithi mpya. Sitaki ukae na hiyo namba tena."

Walichezea kwenye saluni ya binamu yake Fundi, ambaye wote walimwita Msusi. Jumapili mchana saluni ilifungwa kwa wateja; meza ya kukunja iliwekwa katikati, chini ya vile vikofia vikubwa vya kukaushia nywele, na chumba kizima kilinukia mafuta ya nazi na nywele zilizochomwa. Dada Zipu alivaa gauni jekundu la tomato, zipu ubavuni isiyoonekana hata ukiitafuta, na viatu vya kuazima kwa muuza mapazia. Fundi alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi vibaya mgongoni. Alimvutia kiti.

Msusi alimtazama juu mpaka chini. "Ndiye huyu wa zipu? Binamu, umepata mtu anayejua kufunga."

"Binamu, nyamaza."

"Sijasema kitu. Shemeji, karibu. Huyu ni Muuza Dawa, duka lake liko kona ile, usimwambie unaumwa atakuuzia. Na yule ni Mwalimu, miungu wake ni namba, hawajawahi kupata kura tangu tuanze."

"Kuna mwaka nilikaribia," alisema Mwalimu, mzee wa makamo mwenye sweta hata kwenye joto.

Utaratibu wao ulikuwa hivi. Kila anayekaa mezani analeta ukoo wake wa miungu na kuusemea. Wote wakishasema, kila ukoo unawekewa kikombe, na kila mtu anatia kibanio kimoja cha nywele kwenye kikombe anachokipenda, ila haruhusiwi kujipigia mwenyewe. Ukoo unaoshinda ndio unaotawala hadithi karibu mwaka mzima. Miungu walioshindwa wanarudi nyumbani na mwenye ukoo.

Muuza Dawa alileta miungu wa magonjwa na ndugu zao miungu wa tiba, wameoana wote, hawaelewani. Msusi alileta kina dada wanaogombania nywele moja ndefu iliyoizunguka dunia; anayeishika ndiye mwenye kutawala, wengine wanamvizia na mkasi. Mwalimu alimsifia mungu wake Sifuri mpaka akatokwa jasho. Dada Zipu alicheka mpaka akashika mbavu. Alikuwa hajakaa meza moja na watu wengi namna ile tangu msiba.

Zamu ya Fundi ikafika. Alisimama. Aliwataja wa ghorofa za chini, wa katikati, yule wa milango. Kisha akamtazama Dada Zipu, macho yanang'aa kama mtu aliyeficha zawadi mgongoni.

"Na mwaka huu nimeongeza mmoja," alisema. "Nimemweka ghorofa ya juu kabisa. Anaitwa Mpiga Bila Shida. Ni mungu wa wapweke. Waumini wake hawamwombi kitu. Wanapaza sauti tu, na makuhani wake wanaitika, nikusaidie nini, mpendwa. Nao wanauliza jambo wanalolijua tayari. Wanauliza kama upepo bado unavuma. Na upepo ndio unaobeba sauti zao."

Msusi alishika kifua. "Jamani. Huyu ananiliza."

"Shangazi yangu kabisa huyo," alisema Muuza Dawa. "Anapiga redioni kila siku kuuliza saa, na saa iko ukutani."

Wakacheka, si kwa ubaya. Kicheko kizuri cha watu walioguswa. Hakuna aliyegeuka kumtazama Dada Zipu, hakuna aliyejua. Lakini yeye alihisi kama mtu aliyesimama sokoni na zipu ya mgongoni imefunguka kutoka shingo mpaka kiunoni, na watu wanasifia kitambaa.

Alisimama. "Nimekumbuka nimeacha pasi ya moto," alisema, akatoka na viatu vya kuazima vinamvuka.

Fundi alimpigia simu akiwa hajafika hata kona. Hakupokea. Alipiga tena jioni, na kesho yake, na keshokutwa. Mwishowe alikuja kibandani, ovaroli, grisi na yote, akasimama nyuma ya mama mmoja aliyeleta begi. Dada Zipu alimhudumia mama yule taratibu kuliko alivyowahi kumhudumia mteja yeyote. Kisha mama akaondoka na hapakuwa na pa kujificha.

"Nimekukosea," alisema Fundi.

"Unajua nini ulichokosea?"

Alifikiri. Huo ndio uzuri wake, hakuwa mwongo. "Sijui vizuri. Nilidhani nakupa heshima. Miungu wale nawajenga tangu najifunza ufundi. Sijawahi kumweka mtu ghorofa ya juu. Nilikuwekea wewe."

"Sikuomba ghorofa."

"Hakuna aliyejua ni wewe."

"Mimi nilijua." Alikuwa ameshika zipu mkononi, anaipandisha na kuishusha. "Nilikupa kitu ukiweke. Wewe umekipeleka mezani ukakitafutia kura."

"Mpenzi, wangekupenda."

"Wangempenda yule wa kwako. Mimi wa kwangu nimebaki naye hapa, na sasa ananionea aibu." Akawasha cherehani. Ikapiga kelele iliyotosha. Fundi akaondoka kwa ngazi. Fundi wa lifti, akaondoka kwa ngazi.

Siku zikawa zile zile za zamani, ila mbaya zaidi, kwa sababu sasa alijua zingeweza kuwa vingine. Alifungua kibanda, akafunga kibanda. Alikula akiwa amesimama dirishani, anatazama ukuta, na ukuta ulikuwa na ufa ambao alianza kuufahamu kama njia ya kwenda nyumbani. Jumapili alichukua simu akapiga ile namba. Muziki ukacheza. Mtu akapokea, na kwa bahati ikawa ile sauti nzito.

"Nikusaidie nini, mpendwa mteja?"

Dada Zipu akasikia saluni nzima inacheka nyuma ya hayo maneno. Akakata. Akakaa kitandani na simu mapajani, na hapo ndipo uchungu ulipomshika vizuri. Kile kitu chake kidogo, kibovu, ambacho hakikumdhuru mtu, nacho kilikuwa kimeondoka.

Wiki hiyo Msusi alipanda ghorofa ya nne na mkoba aliosema zipu yake imegoma. Alikaa kwenye kigoda bila kuambiwa, akajipepea.

"Shemeji, sijaja kumsemea. Nimeleta mkoba."

"Sawa."

"Ila nisiposema nitapasuka. Hivi unajua ameondoa miungu wake?"

Mikono ya Dada Zipu ikapunguza mwendo. "Yule mmoja?"

"Wote. Tulimwambia, mtoe huyo wa juu, acha wengine, wanapendeza. Akasema haiwezekani, alishasimama na kumtaja mbele ya watu, kwa hiyo jengo zima limeshakuwa na ufa. Hakusema kwa nini. Nilimbana, unajua mimi nikimbana mtu. Akasema si lake la kusema. Amewafunga kwenye boksi, amekaa mezani kama mjane. Hana ukoo, hana mungu, anatupa dadu tu ikibidi." Msusi alijipepea tena. "Sijui alikufanya nini, wala usiniambie. Lakini kura hatujapiga mpaka leo. Kwetu mtu akishakaa mezani, lazima alete ukoo wake, hata kama baadaye atauondoa, ndipo tupige. Wewe ulikaa."

"Mimi siyajui hayo mambo. Nimeishia shule ya msingi."

"Na mimi niliishia kwenye nywele. Miungu hawaombi cheti."

"Sitakuja kwa ajili yake."

"Njoo kwa ajili ya Mwalimu. Amezeeka anasubiri kura."

Dada Zipu alirudisha mkoba. Zipu ilikuwa nzima. Ilikuwa nzima tangu ulipoletwa.

Siku zilizofuata alifanya kazi akiwa na miungu kichwani. Aliwajaribu kama mtu anavyojaribu nguo: huyu ananibana, huyu mrefu, huyu si wangu. Wakati mwingine alijikuta ameacha kushona, sindano iko hewani, anamsikiliza mmoja wao. Ilikuwa kazi ngumu na hakuna aliyeilipia, lakini jioni ilifika bila yeye kuiona inakuja, na hilo lilikuwa halijatokea siku nyingi.

Jumapili alivaa lile lile gauni la bluu iliyokolea, viatu vyake mwenyewe. Fundi alikuwa upande wa mbali wa meza, amekonda, shati halijapigwa pasi hata kidogo. Alisimama alipomwona, akakumbuka, akakaa. Dada Zipu hakumsalimu peke yake, alisalimu meza.

"Mimi ukoo wangu hauna majina mengi," alianza, akapiga moyo konde. "Ni miungu wenye masikio, hawana midomo. Hawajui kitu chochote kuhusu mtu mpaka mtu mwenyewe awaambie. Hawachungulii. Na wakishaambiwa hawasemi, hata kwa mungu mwenzao."

"Basi watatusaidiaje?" aliuliza Muuza Dawa. "Nikiwa na mwizi wangu, amefungwa pingu, nimemwomba mungu, mungu ana masikio tu."

"Hawasaidii. Wanakuja wanakaa na wewe."

"Kwenye pingu?"

"Kwenye pingu."

Mwalimu alivua miwani. "Na mtu asiyewaambia kitu maisha yake yote?"

"Wanakaa naye vilevile," alisema Dada Zipu. "Ila hawajui wamekaa na nani. Na hilo linawauma."

Kikofia kimoja cha kukaushia nywele kilikuwa kinatoa mlio mdogo, kimesahauliwa kuzimwa. Msusi hakuinuka kukizima. Fundi alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama viganja vyake vilivyo na weusi usiotoka kwa sabuni.

"Zaidi ya hapo sina," alisema Dada Zipu, akakaa.

Vikombe vikapangwa. Kila mtu alikuwa na rangi yake ya kibanio, kwa hiyo siri haikuwepo. Kina dada wa Msusi walishinda, kama ambavyo watu wenye mkasi hushinda mara nyingi. Muuza Dawa alipata kura ya Msusi na kulalamika kwamba ni ya huruma. Kwenye kikombe cha Mwalimu kulikuwa na kibanio chekundu, cha Dada Zipu, na mzee wa watu alikitazama, akakitoa, akakiweka mfuko wa shati na kukipigapiga juu yake. "Ahsante, binti," alisema. "Sifuri anashukuru."

Kwenye kikombe cha Dada Zipu kulikuwa na kibanio kimoja, cheusi. Hakuhitaji kuuliza ni cha nani.

Chai ilipoletwa alitoka nje. Nyuma ya saluni kulikuwa na ua mdogo wa saruji, taulo zimeanikwa, ndoo zimeinamishwa. Fundi alitoka baada yake. Alisimama mbali, karibu na taulo, kama anayengoja kuitwa kwenye foleni.

"Naweza kuja hapo?"

"Njoo."

Alikuja. "Naweza kukaa?"

"Umeanza kuomba ruhusa lini wewe?"

"Tangu uliponifundisha." Alikaa juu ya ndoo. "Nilidhani kumjua mtu ni kama kujua mashine. Ukishaona kilicho ndani yake, unaweza kufanya kitu kizuri nacho. Sikujua kwamba kukiacha palepale ndiyo kazi."

Dada Zipu alivuta ndoo nyingine, akakaa pia. Magoti yao hayakugusana. "Namba yangu ile siipigi tena," alisema. "Nilijaribu. Nimeshindwa. Nataka ujue hilo, maana wewe ndiye uliyeiharibu, na siwezi kujifanya hukuiharibu."

"Sina cha kukurudishia."

"Huna."

"Nikikupigia mimi utapokea?"

"Siku nyingine nitapokea. Siku nyingine nitakuwa na hasira, nitaiacha ilie."

"Nitaiacha ilie na mimi." Akasugua viganja. Ndani Msusi alikuwa anabishana na Muuza Dawa kuhusu nani aanze kushika nywele. "Nakupenda," alisema Fundi, taratibu, bila madoido, kama mtu anayesoma kipimo. "Na kuna kitu changu ambacho sijawahi kumwambia mtu. Wala si kizuri. Si kwa kulipana. Nataka tu uwe nacho. Naweza kukwambia?"

Dada Zipu aliona jinsi alivyoushika ukingo wa ndoo. Aliijua hali ile. Aliwahi kuwa ndani yake, chini ya mvua, na simu sikioni. Angeweza kusema hapana, na angekuwa na haki yote.

"Niambie," alisema.

Akamwambia. Ilimchukua muda, kwa sababu alikuwa anasimama katikati na kuanza upya, na mara moja alificha uso kwenye taulo lililoanikwa, na Dada Zipu alingoja. Hakumwambia pole, hakumwambia yataisha. Alisogeza ndoo yake mpaka bega lake likagusa la Fundi. Chai iliyokuwa inawasubiri ndani ikapoa, ikafanya ngozi juu.

Wewe unayesoma ungependa kujua alimwambia nini, na mimi ninayesimulia nakuelewa. Lakini Dada Zipu hakumwambia mtu, kwa hiyo hata mimi sina.

Waliporudi mezani, macho ya Fundi yalikuwa mekundu na dadu zilikuwa zimeshapangwa. Msusi aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akamvuta Dada Zipu pembeni, karibu na sinki.

"Mlikuwa mnaongea nini muda wote huo?"

"Mambo yetu."

"Yepi?"

"Yetu," alisema Dada Zipu, akaenda kukaa, akanyoosha mkono apewe dadu.